Haki ya Majlisi: Mawaidha kwa Wenye Kuzuru Mikahawa ya Kairo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamthubutukia Mwenyiezi Mungu, aliyeumba usiku na mchana, akamgawia killa mja wakti wake kwa kipimo ambacho mja hakijui. Na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, katika miaka hii watu wa pwani yetu wanaokwenda Kairo wamekuwa wengi. Wako vijana waendao kutafuta ilimu Azhar, wako wagonjwa waendao kutibiwa, wako wafanya biashara, na wako wapitao njiani tu katika safari ya Umra wakapumzika huko siku mbili tatu. Na karibu wote, warudipo, husimulia khabari za mikahawa ya kale ya mji ule: kwamba wamekaa Khan el-Khalili, wamekunywa kahawa pale walipokuwa wakikaa watu mashuhuri, na picha wamekuja nazo. Wenye kusikiliza hugawanyika mafungu mawili. Fungu moja husema, mkahawa ni mahala pa wavivu, na Muislamu mwenye murua hapaingii. Fungu la pili husema, kahawa ni halali na kiti ni kiti, hapana neno. Nami naona mafungu yote mawili yamefanya haraka. Maana lile la kwanza limeihukumu nyumba kabla ya kuuliza kinachofanywa ndani yake, na hili la pili limekihukumu kikombe likakisahau kinywa chenye kukinywea.

Yatupasa tuanze na hicho kikombe, kwani khabari yake ni sehemu ya khabari ya dini yetu, na wengi wetu hatuijui.

Kahawa haikuanza kuwa kinywaji cha mazungumzo. Huko Yemen, katika karne ya tisa ya Hijria, masufi walikuwa wakiinywa ili wapate kukesha katika dhikri wasishikwe na usingizi. Sheikh Abdulqadir al-Jaziri, aliyeandika kitabu chake Umdat al-Safwa karibu na mwaka 1558 kwa ajili ya kuthubutisha uhalali wa kahawa, ameipokea khabari kwamba miongoni mwa wa kwanza walioieneza huko Aden ni Sheikh Muhammad bin Said al-Dhabhani, mwanachuoni aliyefariki karibu na mwaka 1470. Kutoka Yemen ikapanda Makka, kisha ikafika Kairo katika miaka ya mwanzo ya karne ya kumi ya Hijria, yaani baada ya mwaka 1494 wa Miladi kwa muda mchache. Wala walioipokea Kairo hawakuwa watu wa mikahawa. Walioipokea ni wanafunzi wa Kiyemen katika Msikiti wa Azhar, katika ile riwaki yao, ndio upande wa msikiti waliotengewa kukaa na kusoma.

Tazameni jinsi walivyoinywa. Walikuwa wakikutana usiku wa kuamkia Jumatatu na usiku wa kuamkia Ijumaa. Kahawa ilitiwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu. Mkubwa wao akateka kwa kata ndogo, akampa aliye kuliani kwake, kisha anayemfuata, hatta wakapata wote, na ndimi zao zote zi katika kumtaja Mungu. Na watu wa kawaida waliohudhuria walipewa vilevile wakanywa pamoja nao. Haikuwapo karata, wala haikuwapo khabari ya fulani kamwacha mkewe.

Basi killa mwenye kushika finjani leo, hatta akiwa barazani kwake Lamu au Mombasa au Unguja, na ajue kwamba kinywaji kile watu wa kale walikipenda kwa sababu kiliwarefushia usiku, nao usiku ule walimpa Mwenyiezi Mungu. Sisi usiku twaurefusha kama wao, na kahawa yetu huenda ikawa nzuri kuliko yao. Twampa nani?

Mtu asidhani ya kuwa watu wa zamani walikubaliana juu ya jambo hili. Waligombana sana. Jina lenyewe liliwatia watu shaka, kwani neno qahwa katika Kiarabu cha kale lilikuwa ni moja katika majina ya mvinyo. Mwaka 917 wa Hijria, nao ni mwaka 1511, msimamizi wa masoko na adabu za watu katika mji wa Makka, aitwaye Khair Bey, aliona usiku kando ya Msikiti Mtukufu watu wamekusanyika na taa yao, wananywa kitu na kupeana kikombe mfano wa walevi wapeanavyo. Akakusanya wanavyuoni, akaleta na matabibu wawili walioshuhudia kwamba kahawa yadhuru mwili, ikaandikwa hukumu ya kuikataza, na buni zikachomwa moto. Kisha akapeleka khabari Kairo kwa Sultani. Jawabu iliyorudi ina mafunzo makubwa: makusanyiko yenye maovu yalikatazwa, ama kinywaji chenyewe hakikukatazwa.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye fitina ikazuka Kairo kwenyewe. Mwaka 1534, waadhi mmoja, Sheikh Ahmad al-Sunbati, alihubiri kuwa kahawa ni haramu. Watu wakapandwa na hamasa, wakatoka kwenda kuivunja mikahawa na kuwapiga waliokuwamo. Basi kadhi wa mji, Muhammad bin Ilyas, wa madhehebu ya Hanafi, akafanya jambo ambalo natamani killa mwenye kutoa fatwa alifanye. Hakuhukumu kwa makelele ya upande huu wala ya upande ule. Aliwauliza wanavyuoni, kisha akaamrisha kahawa iletwe, akawanywesha watu mbele yake, akakaa akizungumza nao sehemu kubwa ya siku huku akiwatazama: je, akili zao zimegeuka, je, maneno yao yamepotoka? Hakuona mageuzi yo yote. Akaithubutisha kuwa ni halali. Hakumkaripia mtu, wala hakumwita mtu fasiki. Aliketi akatazama.

Kuna na katazo la namna nyingine, nalo si la dini, ijapokuwa huvishwa joho la dini. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne aliifunga mikahawa ya Istanbul baada ya moto mkubwa ulioteketeza sehemu ya mji. Lakini wenye kuandika tarikh wamesema kuwa alichokuwa akikiogopa zaidi ni maneno ya watu. Mwanachuoni akiutilia shaka mkahawa, huogopa sala isipotee. Mtawala huogopa asisemwe. Wawili hawa wasichanganywe.

Na sasa tuzuru. Mwenye kutoka Azhar huvuka njia kuu akaukabili Msikiti wa Sayyidna Husein, na ubavuni mwa msikiti huo ndimo mwa kuingilia Khan el-Khalili, soko ambalo asili yake ni khani iliyojengwa na Amiri Jaharkas al-Khalili katika miaka ya 1380. Humo, katika kichochoro chembamba, umo mkahawa wa Fishawi, ambao wenyewe husema umekuwapo tangu mwaka 1797. Viti vimepangwa huku na huku, hatta mpita njia hupita baina ya magoti ya waliokaa. Ukutani mna vioo vikubwa vyenye mbao za nakshi zilizoingia weusi kwa umri na moshi, na mbele yako kimeza kidogo. Humo ndimo alimokuwa akikaa mwandishi Naguib Mahfouz, mtoto wa mtaa ule, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1988. Na hadithi zake nyingi zimetoka katika vichochoro vya jirani.

Kahawa yao si kama yetu. Sisi twaipika katika dele, ikachujika, ikawa nyepesi na chungu, na utamu wake u katika kashata. Wao huipika katika kijisufuria kidogo chenye mkono, waitacho kanaka, na sukari hupikwa humo humo. Kwa hiyo yakupasa useme mapema waitaka vipi: sada, isiyo na sukari. Ariha, yenye kidogo. Mazbuta, ya wastani. Au ziyada, yenye kuzidi. Juu huwa na povu, nalo huliita uso wa kahawa, na mpishi akileta kahawa isiyo na uso huonekana hakuijua kazi. Machicha hubaki chini. Usiyanywe, kama nilivyosikia wengine wetu wamefanya kwa kuona haya. Na hapo hapo waulize bei kabla ya kuketi, kwani mgeni aliyevutiwa na vioo huweza kutozwa thamani ya vioo.

Mngereza mmoja, Edward Lane, aliyekaa Kairo akajifunza lugha na mila za watu wake, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1836 kwamba mji ule ulikuwa na mikahawa zaidi ya elfu moja. Na katika mikahawa hiyo, khasa usiku wa sikukuu, walikuwako wasimulizi wa hadithi. Waliokuwa wakisimulia visa vya Abu Zaid al-Hilali, wakifuatisha na rababa, alikisia kuwa walipata khamsini. Waliosimulia visa vya Sultani Baibars walipata thalathini. Na wa visa vya Antar hawakuzidi sita. Msimulizi alikaa juu ya kibaraza cha mkahawa, watu wakamzunguka wakinywa na kusikiliza, na wengine hatta wakigombana kwa kumtetea shujaa wao. Sisemi hadithi zile zilikuwa ni ilimu. Nyingi ni za kubuni, na wanavyuoni wa wakti wao waliwalaumu waliozipenda kuliko darsa. Lakini angalau masikio yote yalikuwa kwa mtu mmoja, na aliyeondoka aliondoka na khabari ya ushujaa na ukarimu. Mwaka 1934 serikali ya Misri ilipoanzisha redio yake, mikahawa ikanunua redio, na msimulizi akazidi kukosa kazi. Kisha ikaja televisheni, na sasa imekuja simu ya mkononi. Leo utawaona watu sita meza moja, killa mmoja anacheka peke yake na kioo chake. Nami sijui kama hao wana majlisi, au ni watu sita tu waliokutana kivuli.

Ama uko mkahawa mmoja ambao hamtauona, kwani umekwisha kuvunjwa, nao ndio unaotukhusu zaidi sisi watu wa pwani. Ulikuwa katika uwanja wa Ataba, ukiitwa Matatia. Sayyid Jamaluddin al-Afghani alifika Misri mwaka 1871 akakaa hadi alipofukuzwa mwaka 1879, na katika miaka hiyo alikuwa na desturi ya kukaa pale jioni hatta usiku ukaingia, na watu wakimzunguka: wanafunzi wa Azhar, waandishi, watumishi wa serikali. Walimwuliza juu ya dini na falsafa, na juu ya unyonge wa Waislamu mbele ya mataifa ya Ulaya, naye akiwajibu. Miongoni mwa waliokuwa wakimsikiliza ni Sheikh Muhammad Abduh, aliyekuja kuwa mufti wa Misri mwaka 1899, na Saad Zaghlul, aliyewaongoza Wamisri katika mapinduzi ya mwaka 1919. Kisha Sheikh Muhammad Rashid Ridha, mfuasi wa Abduh, akaanzisha jarida la Al-Manar mwaka 1898. Na jarida hilo likavuka bahari hatta likafika kwetu, likasomwa Mombasa na Unguja. Na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, aliyekuwa akilisoma, akatoa Mombasa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, na la Al-Islah mwaka 1932, akiwaamsha watu wa pwani kwa lugha yao wenyewe.

Nasaba ya fikra hizo yafahamika, nayo haikupita katika darsa za msikitini tu; ilipita na katika viti vya mkahawa. Mtu aweza kukhitalifiana na Sayyid Jamaluddin katika mengi, na wako wanavyuoni wakubwa waliokhitalifiana naye. Lakini hapana awezaye kusema kuwa watu wale walikaa bure. Kahawa ile ile, mji ule ule, na pengine katika meza ya jirani walikuwako waliokuwa wakitupa kete tangu alasiri, nao hapana leo awajuaye majina yao.

Basi kipimo cha majlisi ni kipi? Mtume (S.A.W.) ametupa, na ajabu ni kwamba amekitoa juu ya vikao vya namna hii hii, vya njiani. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri, nayo imo katika Bukhari na Muslim, ametajwa kuwa aliwaonya masahaba wasikae njiani. Wakatoa udhuru kwamba hawana budi na vikao hivyo, kwani ndimo wanamozungumza mambo yao. Mtume hakuwakatalia udhuru wao, wala hakuwaachia hivi hivi. Aliwashurutisha kwamba, maadam hawana budi, basi waipe njia haki yake. Na walipouliza haki yake ni nini, akawatajia kuinamisha macho, na kuzuia udhia, na kurudisha salamu, na kuamrisha mema na kukataza maovu.

Mwenye kukaa katika kichochoro cha Fishawi, miguu yake ikiwa njiani khasa, Hadithi hii imemshika shati. Wapita njia ni wake kwa waume, na wake wa watu si mandhari ya kunywea kahawa. Akija mtoto anayeuza karatasi za kufutia mikono, au mzee mwenye chetezo cha ubani, au mpiga viatu rangi, akakutolea salamu, salamu yake ni deni, ijapokuwa bidhaa yake huitaki. Mwambie neno jema na umwache aende. Wengine wetu huwapiga watu picha bila ya ruhusa: bibi kizee amekaa kuuza, maskini amelala ukutani, na picha ikapelekwa pwani ikachekwa. Huo ni udhia, na haukupungua kwa kuwa aliyeudhiwa hajui. Na khasa usimpige picha aliye katika dhiki, kwani ungekuwa ni wewe usingependa uso wako ukae katika simu ya mtu wa mbali usiyemjua.

Lakini udhia mkubwa wa vikao, wa Kairo na wa kwetu, ni wa ulimi. Hapa nataka tukae kidogo.

Kusengenya hakuanzi kwa uadui. Huanza kwa huruma. Kikombe cha kwanza hunywewa kwa salamu na khabari za hewa. Katika kikombe cha pili mtu mmoja huvuta pumzi akasema, maskini fulani, Mungu amsitiri. Wenzake hunyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kumwomba aendelee. Naye husema, mimi sipendi kusema, lakini. Baada ya neno hilo hapana tena sitara. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria, ameieleza hila hii katika Ihya, akaihesabu kuwa ni katika aina mbovu kabisa za kusengenya, kwa sababu mwenye kuitenda hukusanya madhambi mawili: amemla mwenziwe, na amejionyesha kuwa ni mcha Mungu mwenye huruma. Na Qur'ani, katika Sura ya Hujurat, imemfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekwisha kufa. Wala hapana katika sisi asiyeijua Aya hiyo, na twaijua hatta tukiwa na finjani mkononi.

Haya si madogo. Ni posa ngapi zimevunjika kwa neno lililosemwa barazani baada ya Isha? Ni mfanya biashara gani aliyeweza kuiokoa amana yake mbele za watu, ikiwa meza moja imekwisha kuamua kuwa amefilisika? Msichana hana habari, yu nyumbani kwao. Wanaume watano wameuza jina lake kwa thamani ya kahawa, tena kahawa yenyewe ya kukopa. Na vijana wetu walioko ugenini wamezidisha jambo jingine: wakikutana mkahawani huko Kairo huwasema wanafunzi wenzao wasiokuwapo, nani kaacha darsa, nani kaonekana na nani, na maneno hayo hufika kwa wazee pwani kabla ya alfajiri, kwa njia ya simu. Mzee wa watu hapati usingizi kwa neno ambalo aliyelisema alilisema kwa kupoteza wakti, na pengine hata si kweli.

Maulamaa wameruhusu kumtaja mtu kwa asilolipenda katika mahala makhsusi. Imam Nawawi amezitaja sababu sita, kama vile mwenye kudhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu kwa mwenye uwezo wa kumpa haki yake, au mtu kuulizwa shauri katika jambo la ndoa akasema kwa kadiri ya haja. Kwa kadiri ya haja. Mwenye kuulizwa juu ya posa humjibu aliyemwuliza, faraghani; hawajibu watu wa meza nzima.

Mambo mengine nitayapitia upesi, maana hukumu zake zi wazi. Mahala panapotolewa vileo, na ipo Kairo mikahawa ya namna hiyo, mingine ina jina kubwa katika tarikh, usikae, ijapokuwa wewe waagiza maji. Mchezo wa kete waitao taula ndio nardi, nayo Mtume (S.A.W.) katika Sahihi Muslim amemfananisha mwenye kuicheza na mtu aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe; haihitaji kuongezewa maneno. Dhumna na karata, hatta wakisema wachezaji kuwa hapana fedha, ikiwa aliyeshindwa ndiye atakayelipa vinywaji vya wote, basi hiyo ni kamari, na kahawa iliyonunuliwa kwa kamari si ile aliyoihalalisha Kadhi Ibn Ilyas. Na shisha, ambayo wengi wa wageni huiona ni pambo la mkahawa, Shirika la Afya la Dunia liliandika mwaka 2005 kwamba mvutaji katika kikao kimoja aweza kuvuta moshi sawa na wa sigareti mia au zaidi. Waliokhitalifiana zamani juu ya tumbaku hawakuwa na ujuzi huu, wewe unao.

Limebaki jambo la wakti. Katika mkahawa wa Fishawi adhana ya Msikiti wa Husein huisikia ukiwa kitini, na msikiti hauko mbali hatta ukose kikombe chako kikiwa moto. Hapo ndipo mtu ajipimapo. Na baada ya Isha, yajulikana katika Hadithi Sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya sala hiyo na kuzungumza baada yake, na maulamaa wakayatoa mazungumzo ya ilimu, na ya mgeni, na ya mtu na ahali zake, na yenye maslaha. Wala usichukie kukumbushwa kwamba ahali wako wamo katika jumla hiyo, nao ndio wa kwanza kunyimwa. Mke husikia sauti ya mumewe akicheka barazani, kisha akiingia ndani hana neno ila amechoka.

Fanyeni hisabu. Mwenye kutoa saa mbili tu killa usiku kwa kikao kisicho na faida, kwa mwaka mmoja ametoa saa mia saba na thalathini, nazo ni siku thelathini kamili, usiku na mchana, na zaidi. Mwezi mzima. Wala hapo hatujaihesabu Alfajiri inayompita kwa kuwa amelala saa nane ya usiku. Wale Wayemen wa Azhar walikunywa kahawa ili Alfajiri iwakute macho. Sisi twainywa, na Alfajiri hutukuta ndio kwanza usingizi umetushika.

Simwambii mtu asiende Kairo, wala asikae Khan el-Khalili. Nendeni, mkaone. Lakini mwende na msafara wenu wa adabu: muwe wawili au watatu wanaojuana, mmoja wenu awe na jambo la kuuliza au la kusoma, mkae baada ya Alasiri, mwinuke kwa adhana ya Magharibi, mumlipe mtumishi haki yake na mumwongeze kidogo, kwani hao hukaa kwa miguu yao usiku kucha. Na mwenye bahati ya kumpata mwanafunzi mkubwa wa Azhar, amchukue akamnyweshe yeye kahawa, amwulize masuala yaliyomtatiza. Pengine kwa bei ya vikombe viwili atapata darsa ambayo hataipata tena pwani. Hali kadhalika barazani kwetu, muuza kahawa atapita na dele lake akigonganisha vikombe. Wenye kukaa wanaweza kumfungulia kitabu kabla ya kumfungulia kinywa, ijapokuwa ni ukurasa mmoja, kisha wazungumze mambo yao ya bei ya samaki na ya serikali, kwani hayo nayo yana haki yake.

Na mwenye kutaka kuinuka asiinuke hivi hivi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha dua ya kumalizia kikao, iitwayo kafara ya majlisi, ya kumtakasa Mwenyiezi Mungu na kumsifu na kushuhudia upweke wake na kumwomba maghufira na kutubia kwake, aisomaye husamehewa yaliyompita katika kikao chake kile. Ni maneno machache, watoto wa chuoni huyahifadhi kwa siku moja. Lakini maulamaa wamebainisha kwamba haki za wanaadamu hazimo katika msamaha huo. Aliyesengenywa pale mezani, haki yake ingaliko, nayo ni juu yako, hatta umwendee akusamehe, au, ukiwa wachelea kumzidishia maudhi kwa kumpa khabari, umwombee dua na umtaje kwa wema mbele za watu wale wale uliomtaja kwao kwa ubaya, katika viti vile vile.

Wallahu aalam.